Kioo cha Kompyuta Mpakato na Malalamiko ya Mnunuzi wa Bunia

Kioo ni sehemu ya kompyuta mpakato ambayo mtumiaji huitazama muda wote anaofanya kazi, na kwa hiyo kasoro yake hutambuliwa hata na mtu asiyejua lolote kuhusu kichakato au kumbukumbu ya mashine. Hata hivyo, malalamiko kuhusu kioo, ambayo ni mepesi kutamkwa, ni magumu kumfikia mtu mwenye uwezo wa kuyafanyia kazi, na ugumu huo huongezeka kadiri mnunuzi anavyokuwa mbali na kampuni iliyoandika jina lake kwenye mfuniko. Mnunuzi wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yuko mbali kuliko wengi. Umbali wake haupimwi kwa kilomita peke yake, bali pia kwa idadi ya mikono ambayo mashine imepitia kabla ya kumfikia, na kwa ufinyu wa maneno anayoyatumia kueleza kilichomuudhi. Na kati ya hayo mawili, la pili ndilo analoweza kulirekebisha mwenyewe.

Kompyuta mpakato, ambayo wakazi wengi wa mji huo huiita ordinatere kwa kufuata Kifaransa, haifiki Bunia kwa njia moja. Sehemu kubwa ya bidhaa za viwandani zinazouzwa mjini huingia kutoka Uganda, ama kwa lori kupitia mpaka wa Mahagi na kuifuata barabara ya taifa namba 27, ama kwa kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, na nyingi kati ya hizo zimekwisha kupita Mombasa, Kampala au Dubai. Katika mzigo huo huchanganyika mashine mpya na mashine za mitumba zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo. Mwenye duka kwenye Boulevard de la Libération humjua mwagizaji aliyemuuzia. Mwagizaji humjua mfanyabiashara wa jumla. Mfanyabiashara wa jumla humjua wakala. Na wakala, pengine, ana anwani ya kampuni. Malalamiko yanayorudi kwa njia hiyo hiyo hukutana katika kila hatua na mtu ambaye faida yake iko katika kuyanyamazisha, kwa kuwa kuyapokea ni kukaribisha madai ya kurudishiwa pesa. Zaidi ya hayo, dhamana nyingi za kompyuta, ambazo Bunia hujulikana kwa jina la garanti, hufungwa ndani ya nchi au eneo ambalo mashine iliuzwa mara ya kwanza, na mashine iliyokusudiwa soko la Ghuba au la Ulaya inaweza kukataliwa katika kituo cha huduma cha Afrika hata kama muda wa dhamana haujaisha.

Kwa upande wa mitumba lipo tatizo jingine, ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Kioo ni kiungo kinachovunjika kwa urahisi na kubadilishwa kwa urahisi, na mashine iliyotumika miaka kadhaa inaweza kuwa na kioo ambacho kampuni haikukiweka kamwe. Fundi wa mahali fulani alikiondoa cha awali kilichopasuka, akaweka kingine chenye vipimo vilevile vya umbo lakini ubora wa chini. Anayeilaumu kampuni kwa ajili ya kioo hicho anamlaumu asiyehusika, na mhandisi anayepokea malalamiko ya aina hiyo mara kwa mara huishia kuyapuuza hata yale ya haki.

Hata kwenye mashine mpya, swali la nani alitengeneza kioo si rahisi kama linavyoonekana. Kampuni nyingi zenye majina makubwa hazitengenezi kompyuta zao kwa mikono yao wenyewe: kazi ya kuunganisha mashine hufanywa na viwanda vya kandarasi kama Quanta, Compal na Wistron, vyote vya asili ya Taiwan. Kioo chenyewe, ambacho wataalamu hukiita paneli, hununuliwa kwa kampuni nyingine tena, miongoni mwao LG Display na Samsung za Korea Kusini, AU Optronics na Innolux za Taiwan, BOE ya China na Sharp ya Japani. Ili isitegemee muuzaji mmoja, kampuni ya kompyuta huidhinisha paneli mbili au tatu kwa modeli moja, na paneli hizo hutofautiana katika mwangaza, rangi na pembe ya kutazamia. Watu wawili wanaweza basi kununua modeli moja, siku moja, kwa bei moja, mmoja akasifu kioo na mwingine akakilaani, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Neno kwamba modeli fulani ina kioo kibaya, likikosa jina la paneli, halina thamani kwa mhandisi.

Mfano unaoonyesha mipaka ya sauti ya mteja ulitokea katika kampuni ya Lenovo, iliyonunua kitengo cha kompyuta za IBM mwaka 2005. Katika mwaka 2015, David Hill, aliyeongoza usanifu wa kompyuta za ThinkPad, aliwauliza wapenzi wa mashine hizo hadharani wangetaka nini iwapo ingetengenezwa ThinkPad ya kisasa yenye sura ya zamani, na maswali yake yaligusa kibodi, matundu ya kuunganishia waya, na kioo. Wengi walitaka kioo kirefu kwenda juu zaidi, chenye uwiano wa 16 kwa 10 badala ya 16 kwa 9 uliokuwa umetawala soko, kwa kuwa mtu anayesoma na kuandika nyaraka huhitaji mistari mingi kuliko upana. Mashine iliyotokana na mashauriano hayo, ThinkPad 25, ilitoka Oktoba 2017, miaka 25 baada ya ThinkPad ya kwanza yenye kioo cha rangi. Kibodi ya safu saba ilirudi kama wateja walivyoomba, lakini kioo kilibaki na uwiano wa 16 kwa 9. Kibodi kampuni iliweza kuiagiza itengenezwe upya, ilhali kioo kilitegemea kile ambacho viwanda vya paneli vilikuwa vikikikata kwa wingi kutoka kwenye mabapa makubwa ya kioo, na wakati huo viwanda hivyo vilikuwa vimeelemea kwenye umbo la televisheni. Uwiano wa 16 kwa 10 ulirejea kwenye ThinkPad miaka michache baadaye, soko zima lilipogeuka. Wateja walisikilizwa, basi, ila kwa kasi ya viwanda vya paneli.

Ili malalamiko yawe na uzito, mlalamikaji hana budi kujua anachokilalamikia, na hapa maelezo machache ya jinsi kioo kinavyofanya kazi ni ya lazima. Kioo cha kawaida cha kompyuta mpakato, kinachojulikana kwa kifupi kama LCD, hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna taa ndogo za LED zinazosambaza mwanga mweupe, na mbele ya taa hizo kuna tabaka la fuwele-miminika, yaani kimiminika ambacho molekuli zake hujipanga kama za fuwele na kugeuka zinapopitishiwa umeme, zikifungua au kuziba njia ya mwanga. Picha hugawanywa katika pikseli, ambazo ni nukta ndogo, kila moja ikiwa na vijinukta vitatu vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Kioo cha nukta 1366 kwa 768, kilichoenea sana kwenye mashine za bei nafuu na mitumba, kina pikseli 1,049,088. Kile cha 1920 kwa 1080 kina 2,073,600, karibu mara mbili.

Tofauti inayoonekana haraka zaidi kati ya vioo hutokana na namna fuwele hizo zinavyogeuka. Katika aina ya TN, iliyo ya zamani na rahisi kutengeneza, molekuli hujisokota, na mtu anayetazama kutoka juu, chini au pembeni huona rangi zikibadilika, nyeupe ikiwa njano au nyeusi ikiwa kijivu. Katika aina ya IPS, molekuli hugeuka zikiwa zimelala sambamba na uso wa kioo, na picha hubaki karibu ileile kutoka pande zote. Katika aina ya tatu, OLED, ambayo si LCD, kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, na nyeusi huwa nyeusi kweli kwa kuwa nukta huzimwa kabisa. Wanafunzi watatu wanaosoma kwa pamoja kwenye mashine moja, kama ilivyo desturi pale ambapo si kila mmoja ana yake, huumizwa na TN kuliko mtu anayekaa peke yake mbele ya kioo, na hilo ni jambo ambalo mhandisi aliyezoea mteja mmoja kwa mashine moja anaweza asilione mpaka aelezwe.

Mwangaza hupimwa kwa kandela kwa mita mraba, kipimo ambacho biashara hukiita niti. Vioo vingi vya bei nafuu hutoa niti 200 hadi 250. Kiasi hicho kinatosha ndani ya chumba chenye mapazia, lakini Bunia iko chini ya digrii 2 kaskazini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na watu wengi hufanya kazi barazani au karibu na dirisha lililo wazi, hasa umeme unapokatika. Kivulini nje ya nyumba, mchana wa anga safi, mwanga unaoangukia kioo unaweza kufikia laksi 10,000, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaofika juu ya uso wa kitu. Kioo kinachorudisha asilimia 4 tu ya mwanga huo kwa kuutawanya huongeza weupe wa niti zipatazo 127 juu ya kila kinachoonyeshwa, kiwe cheusi au cheupe. Kioo cha niti 220 hubaki hapo na nyeupe ya 347 dhidi ya nyeusi ya 127, yaani uwiano usiofika hata 3 kwa 1, ilhali karatasi ya maelezo iliahidi 400 au 500 kwa 1 uliopimwa gizani. Anayesema kwamba kioo chake hakisomeki mchana hakosei, lakini kampuni itamjibu, na kwa haki, kwamba kioo kinatimiza kile kilichoandikwa. Lawama yake haihusu kasoro, inahusu uteuzi: kampuni ilichagua paneli isiyofaa mazingira anayoishi. Malalamiko ya aina hii yanapaswa kuelekezwa kwa wapangaji wa bidhaa, si kwa kituo cha matengenezo, na kuyachanganya na madai ya dhamana ni kuyaua.

Kuhusu rangi, udanganyifu wa karatasi za maelezo una historia yake. Paneli nyingi za bei nafuu zina ngazi 64 tu kwa kila kijinukta, na hivyo rangi 262,144 halisi, lakini hubadilisha ngazi mbili zilizo jirani kwa haraka au kuzichanganya kwenye nukta za karibu ili jicho lidhani linaona rangi milioni 16.7 za paneli yenye ngazi 256. Mwaka 2007 wateja wawili wa California waliishtaki Apple kwa madai kwamba ilitangaza mamilioni ya rangi kwenye kompyuta zake mpakato ilhali paneli zake zilikuwa za ngazi 64. Namna nyingine ya kupamba ni kuandika kwamba kioo kinaonyesha asilimia 45 ya NTSC, ambacho ni kipimo cha televisheni za Marekani cha mwaka 1953. Kwa kipimo cha sRGB, kinachotumiwa leo kwa picha nyingi, kiasi hicho ni karibu asilimia 63 tu, na mpiga picha za harusi anayesahihisha ngozi za maharusi kwenye kioo kama hicho atashangaa picha zikitoka kwenye mashine ya kuchapia.

Kasoro halisi, tofauti na uteuzi duni, ni za aina chache, na kila moja ina dalili zake. Nukta iliyokufa hubaki nyeusi daima. Nukta iliyoganda hubaki na rangi moja. Wanunuzi wengi huamini kwamba nukta moja tu ya aina hiyo inatosha kurudisha mashine, na huona wameonewa wakikataliwa, bila kujua kwamba jambo hili lina kiwango cha kimataifa. Kiwango cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001 kiliviweka vioo katika madaraja manne, na daraja la pili, ambalo watengenezaji wengi walilifuata, liliruhusu katika kila pikseli milioni moja nukta 2 zinazowaka daima, nukta 2 zilizokufa na vijinukta 5 vyenye hitilafu. Mwaka 2008 kiwango hicho kilichukuliwa nafasi na mfululizo wa ISO 9241, lakini mantiki ya kuhesabu na kuvumilia ilibaki. Kwa kioo cha 1920 kwa 1080, hesabu ya daraja la pili ina maana kwamba nukta 4 zilizokufa zinaweza kuhesabiwa kuwa ni hali ya kawaida. Mnunuzi anaweza kuliona jambo hilo kuwa ni ukaidi wa wenye viwanda, na pengine ndivyo lilivyo, lakini barua inayotaja idadi ya nukta na mahali zilipo, ikauliza kampuni inafuata sera gani kwa nukta, hupata jibu ambalo barua ya hasira haipati.

Mistari ya wima isiyoondoka kwa kawaida huashiria kiungo kilichoachia kati ya kioo na saketi yake, au waya wa picha uliochakaa. Madoa meupe yasiyo na mpaka dhahiri mara nyingi ni alama za mgandamizo, na mashine iliyosafirishwa kwenye begi lililobanwa chini ya mizigo katika barabara za Ituri ni mgombea mzuri wa madoa hayo. Hapo kampuni itasema, na itakuwa vigumu kuipinga, kwamba kasoro haikutoka kiwandani. Mwanga unaovuja pembezoni mwa kioo cheusi mara nyingi hutokana na fremu iliyokazwa kupita kiasi. Kupepesa kwa kioo kilichopunguzwa mwangaza, ambako baadhi ya watu hukuhisi kama maumivu ya kichwa, kunaweza kutokana na njia ya kuzima na kuwasha taa za nyuma mara nyingi kwa sekunde badala ya kuzipunguza kweli. Ni uamuzi wa usanifu, lakini ni uamuzi ambao kampuni zimeanza kuuacha kwa sababu wateja walioudhika hawakunyamaza.

Lipo jambo moja ambalo huzaa malalamiko mengi yasiyo na msingi mahali penye umeme wa kukatika. Mashine inapohama kutoka kwenye umeme kwenda kwenye betri, programu ya kuokoa nishati hupunguza mwangaza, na katika mashine nyingi zenye vichakato vya Intel kuna utaratibu wa ziada unaofifisha taa ya nyuma kulingana na picha iliyopo, kiasi kwamba kioo huonekana kikififia na kung'aa chenyewe. Mtumiaji hudhani kioo kinakufa, au kwamba jenereta imekiharibu. Dawa yake ni kuzima utaratibu huo kwenye mipangilio, si kuandika kwa kampuni. Au, kwa usahihi zaidi, kinachostahili kuandikwa ni kwamba utaratibu huo haukuelezwa mahali popote ambapo mtu wa kawaida angeuona.

Uchunguzi wa kutenganisha mambo haya hauhitaji vifaa vya gharama. Picha nzima yenye rangi moja, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu kwa zamu, hufichua nukta mbovu na madoa. Kuunganisha televisheni kwa waya wa HDMI huonyesha iwapo mistari inatoka kwenye kioo au kwenye saketi ya picha, kwa kuwa mistari inayoonekana kote kuwili haiwezi kuwa kosa la paneli. Kuutazama ukurasa wa mipangilio ya mwanzo, unaofunguliwa kabla ya mfumo endeshi kuanza, hutenga makosa ya programu. Kuusogeza mfuniko taratibu huku picha ikiwaka huonyesha kama tatizo hutegemea pembe, na ikiwa hutegemea, mshukiwa wa kwanza ni waya unaopita kwenye bawaba. Jina la paneli huandikwa nyuma yake, lakini hakuna haja ya kuifungua mashine, kwani kila paneli hubeba kumbukumbu ndogo iitwayo EDID, ambayo katika umbo lake la msingi ni baiti 128, na programu za bure huweza kuisoma na kumtaja mtengenezaji na namba ya paneli.

Kipimo hicho cha bawaba si cha kubuni. Katika kompyuta za MacBook Pro zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2016, waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye taa za kioo ulizungushwa juu ya saketi kwa namna iliyoufanya ukwaruzike kila mfuniko ulipofunguliwa na kufungwa. Baada ya muda, wengine waliona sehemu ya chini ya kioo ikitoa miale kama taa za jukwaani, kisha kioo kikazimika mfuniko ulipofunguliwa kupita pembe fulani. Mwanzoni kila mtu alidhani mashine yake peke yake ndiyo mbovu. Maelezo ya wateja yalipowekwa pamoja, dalili ikawa moja na pembe ikawa karibu moja, na mwezi Januari 2019 kampuni ya urekebishaji ya iFixit ikaeleza chanzo, na baadaye ikabainisha kwamba waya wa modeli ya 2018 ulikuwa umerefushwa kwa takriban milimita 2. Mwezi Mei mwaka huohuo Apple ilitangaza mpango wa kurekebisha bure modeli za inchi 13 za mwaka 2016. Miaka michache kabla, mwaka 2015, kampuni hiyohiyo ilikuwa imekubali kubadilisha vioo ambavyo utando wake wa kuzuia mng'ao ulibanduka, baada ya wateja kwa maelfu kujiandikisha pamoja na kuonyesha picha za madoa yao.

Katika matukio hayo mawili kampuni haikushindwa na ukali wa maneno. Ilishindwa na ufanano wa ushahidi: modeli ileile, dalili ileile, hali ileile. Ndiyo sababu fomu za nyota ambazo kampuni huwatumia wateja baada ya ununuzi, ingawa hupendeza machoni pa idara za masoko, ni chombo duni. Nyota mbili kati ya tano haziwezi kumwambia mhandisi kwamba waya ni mfupi kwa milimita 2. Barua yenye kufaa hutaja modeli kamili, namba ya mfululizo, jina la paneli kama linavyosomeka kwenye EDID, mahali na tarehe ya ununuzi, iwapo mashine ilikuwa mpya, dalili yenyewe kwa maneno ya kawaida, vipimo vilivyofanywa na majibu yake, na picha iliyopigwa kutoka mbele katika chumba kisicho na mwanga mkali. Iandikwe kwa Kifaransa au Kiingereza, ambazo ndizo lugha ambazo vituo vya huduma kwa eneo hili husoma, na sentensi moja ieleze mazingira: mwanga wa barazani, vumbi, kukatika kwa umeme, safari. Sentensi hiyo ndiyo mchango wa pekee wa mtu wa Ituri, kwa kuwa mambo mengine yote maabara ya kampuni inaweza kuyajua bila yeye.

Sheria nayo ina nafasi, ingawa haiendi hadi kiwandani. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ni nguzo ya sheria ya madeni ya Kongo, humtaka muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika za kitu alichokiuza, na humpa mnunuzi uchaguzi wa kukirudisha na kupewa bei yake au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Ulinzi huo una masharti mawili yanayogusa kioo moja kwa moja. La kwanza, kasoro iliyo wazi, ambayo mnunuzi angeiona mwenyewe, haimo. Nukta iliyokufa kwenye kioo kilichowashwa dukani ni kasoro ya wazi, na anayelipa bila kuwasha mashine amejifungia mlango. La pili, dai lazima liletwe ndani ya muda mfupi. Mdaiwa hapa ni muuzaji wa Bunia, si kampuni ya Asia au Marekani, na jambo hilo, ambalo huonekana kama udhaifu, ndilo pengine nguvu kubwa ya sheria hiyo, kwa kuwa muuzaji yuko karibu na ana jina la kulinda sokoni. Stakabadhi yenye namba ya mfululizo ya mashine, iliyotiwa saini, ina thamani kuliko kadi ya dhamana ya nchi nyingine. Kwa upande wa serikali, Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, iliyoundwa mwaka 1974, hukagua bidhaa zinazoingia nchini, lakini ubora wa rangi au pembe ya kutazamia ni jambo ambalo ukaguzi wa mpakani, unaoshughulikia shehena nzima, hauwezi kutarajiwa kulipima.

Ni lazima ikubaliwe kwamba kwa mnunuzi mmoja mwenye mashine moja hesabu ni mbaya. Kupeleka kompyuta Kampala, kulipia usafiri, kusubiri na kuhatarisha mzigo njiani kunaweza kugharimu zaidi ya paneli mpya inayowekwa na fundi wa mjini. Kwa hiyo ukimya wa Bunia hautokani na ujinga wala uvivu, bali ni uamuzi wa mtu anayejua kupiga hesabu, na kampuni zinazochukulia ukimya huo kuwa ni kuridhika zinajidanganya.

Wenye uwezo wa kubadilisha hesabu hiyo ni wanunuzi wa jumla: Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu cha Shalom, ofisi za jimbo, makanisa, hospitali, na mashirika ya kibinadamu yanayofanya kazi Ituri, ambayo hununua mashine nyingi kwa mkupuo mmoja. Ununuzi wa serikali unaongozwa na sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, ambayo msingi wake ni ushindani wa wazi, na ushindani huo hutanguliwa na maelezo ya kiufundi ya kinachotakiwa. Mara nyingi sana maelezo ya kompyuta huorodhesha kichakato, kumbukumbu na diski, kisha kioo hupewa maneno mawili: inchi 15.6. Mzabuni mwenye akili huona hapo ndipo pa kubana gharama, naye huleta TN ya niti 220, na hakuna wa kumlaumu kwa kuwa hajavunja sharti lolote. Mistari miwili zaidi ingetosha: paneli ya IPS, nukta 1920 kwa 1080, uso usiong'aa, mwangaza usiopungua niti 300, na idadi ya juu ya nukta mbovu itakayokubaliwa katika kila mashine. Sharti kama hilo halimfikii wakala kama ombi, humfikia kama mauzo yatakayopotea, na kutoka kwa wakala hupanda ngazi hadi kwa wale wanaochagua paneli kwa haraka ambayo malalamiko hayajawahi kuwa nayo.

Taasisi ya Ituri inayojiandaa kununua kompyuta mwaka huu na iandike sharti la kioo kabla ya bei kujadiliwa, iwashe mashine moja katika kila sanduku mbele ya muuzaji, isome jina la paneli yake, na ikatae kutia saini hati ya mapokezi mpaka jina hilo lilingane na lililoahidiwa.